Taa ya Jirani na Buibui wa Bibi

Juzi nilirudi kijijini kwetu Nyakakika nikakuta jiko la bibi limefungwa kwa kufuli, nikapandwa na hasira ambayo mpaka sasa haijashuka. Ngoja nikusimulie, mwenzangu, uniambie kama nakosea.

Tulipokuwa wadogo, kahawa ilianikwa uani kwenye mikeka, na bibi hakuwa na saa. Alikuwa na buibui. Mnene, wa kahawia, alijificha mchana kutwa kwenye nyasi za paa la jiko. Giza likianza kuingia anashuka kufuma utando wake pembeni mwa mlango, alfajiri anaula wote na kurudi juu. Akifa mmoja, mwingine alishika nafasi ileile. Bibi, ndizi zikitokota ndani ya majani yake, alinyoosha kidole taratibu pale pembeni. Akigusa uzi, basi: "Buibui kashuka, ingizeni kahawa." Tuliacha mpira tukakunja mikeka, maana kahawa ikilala kwenye umande inavunda. Na ole wako uufagie utando ule. Hata macho ya bibi yalipofifia, kazi hiyo aliiendesha kwa kidole.

Kisha, sisi wajukuu tukiwa tumeshakua na kuondoka, jirani yetu mfanyabiashara akafunga taa kubwa ukutani kwake, eti ya ulinzi, ikawa inamulika uani kwetu tangu jua linapozama hadi asubuhi. Kwa buibui hapakuwa na jioni tena, akabaki kwenye nyasi. Bibi anagusa, hakuna uzi, anangoja, kahawa inalala nje inalowa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba bikizee akili zimemruka. Baba mdogo naye akaamini, akaja na gari, akamhamishia kwake Bukoba. Mama mzima na akili zake timamu! Inaniuma sana.

Jana nilimwendea jirani, nikampa shikamoo yake, nikamwomba azime taa jioni moja tu. Akacheka: "Kwa ajili ya buibui?" Lakini akazima. Giza lilipoingia, buibui akashuka palepale pembeni mwa mlango, akaanza kufuma. Jirani alisimama akatazama. "Kumbe," akasema, kisha akaenda kuwasha taa yake.

Usiku uleule nikampigia bibi simu kumpa habari. Kule kwa baba mdogo taa ya chumba cha bibi haizimwi usiku wala mchana, wanasema asije akajikwaa. Aliniitikia vizuri, akaulizia kahawa, halafu akashusha sauti: "Mjukuu wangu, huko kwenu saa hizi ni mchana?"