Vidonge vya mama mkwe nimevikuta kwenye chujio la samaki

Habari za kazi Admin. Jina langu lifiche, mengine yaache kama nilivyoandika.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi friji, naishi Tunduma na mke wangu na watoto wetu wawili. Mke wangu ana duka la vitenge. Tangu mwezi wa tatu tunakaa na mama mkwe, tulimchukua kwake Ihanda baada ya kugundulika ana moyo mpana. Daktari alituambia wazi kwamba dawa ni kila siku, asubuhi na jioni, na akiziacha tutampoteza. Basi mke wangu humwekea vidonge vya asubuhi na vya jioni kwenye kisahani kabla ya kwenda dukani, mama anavibeba na kikombe chake cha maji, anaenda kukaa sebuleni.

Sebuleni ndiko kuna tangi langu la samaki. Lina urefu wa futi sita, nililinunua kwa Mzambia aliyekuwa anahama Nakonde, na samaki wake walitoka Ziwa Tanganyika, kule Mpulungu. Mke wangu hunitania kwamba ameolewa mitala, yeye na samaki. Mama mkwe aliwapenda tangu siku ya kwanza, akawa anashinda kwenye kochi la karibu nao.

Kwa wasiojua, malezi yetu sisi wa huku ni kwamba mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Simpi mkono, sili naye, hatuongei ana kwa ana. Nikirudi napita mlango wa nyuma, nakohoa, naye anaingia chumbani kwake. Akiwa na neno anampitishia mke wangu: "Mwambie baba Neema maji ya samaki wake leo yana ukungu."

Na kweli yalikuwa na ukungu. Samaki watatu walikufa ndani ya wiki mbili, mimi nikalaumu vumbi la malori. Sasa chini ya tangi, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la kuchujia. Maji yanazama kwenye kona ya tangi la juu, yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji, halafu pampu inayarudisha juu. Nilipokagua nikakuta sponji imelegea, maji yanapita pembeni na uchafu wote unarudi kwa samaki. Nikanunua nyingine, nikazikata zibane kila upande, ya matundu makubwa juu, laini chini yake, na mwisho kabisa nikatandika pamba nyeupe ya kujazia mito. Kwa siku mbili maji yakawa safi, mpaka nikajisifu.

Siku ya tatu nikatoa sponji ya juu kuiosha. Ilikuwa na maganda ya kapsuli na vidonge vya pinki vilivyolainika. Navijua, mimi ndiye huwa navifuata duka la dawa. Nikajiambia vimemponyoka. Kesho yake vikawepo tena.

Alhamisi nilirudi mapema, mchana, nikakohoa kama kawaida, kimya, nikajua mama amelala. Nikatoa sponji zote, ikabaki pamba tu, nikawa nimepiga magoti kichwa kikiwa ndani ya kabati. Nikasikia kandambili zinakuja taratibu. Halafu kwenye bomba kitu kikagonga, na kidonge cha pinki kikaangukia kwenye pamba nyeupe mbele ya macho yangu. Kikafuata kingine. Nadhani mama alifikiri maji ya ile kona yanatoka nje, kama ya sinki.

Sikushtuka. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, kwamba sikushtuka, nilivitazama tu vikilowa.

Akaiona miguu yangu. Kwa desturi angeondoka. Yeye akavuta kochi, akakaa, akaanza kuongea na samaki.

"Nyie samaki mmeshajua," alisema. "Mimi nimechoka. Dawa hizi zinanifanya gunia, naamka sijui hata siku. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuhama kwangu. Mwanangu akijua atalia, halafu ataninywesha kwa kijiko kama mtoto. Basi nyie mkae na adabu yenu, msimwambie."

Aliongea polepole, bila hasira. Nami nilibaki mle ndani, shingo inauma, sikujibu, maana hakuwa ameongea na mimi. Alipoondoka nilirudisha sponji.

Tangu siku hiyo chujio nalisafisha kila siku, kabla mke wangu hajarudi dukani. Vidonge navitupa chooni. Yaani mwenye kutupa dawa sasa tuko wawili. Miguu ya mama imeanza kuvimba tena, mke wangu analaumu chumvi, na Jumatatu anampeleka Mbeya kwa daktari akamwombee dawa kali zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua. Ila nikisema, nimemvunjia heshima mtu ambaye sijawahi hata kumwangalia usoni. Nikinyamaza, nitambebea jeneza nikiwa najua.

Jana wakati tunakula mke wangu alicheka, akaniambia, "Mama anakusifia sana. Anasema hajapata kuona mkwe mwenye adabu kama wewe." Nikaomba aniongezee mboga.

Ndugu zangu, mimi nimeshindwa, niambieni la kufanya kabla ya Jumatatu. Na wewe Admin, tafadhali usiondoe mahali palipotajwa samaki. Mke wangu huusoma ukurasa huu kila mchana akiwa dukani.