Gome la Mti wa Chemchemi

Wajukuu wamenisumbua niandike kisa hiki, kama vile maharage yangu yatajipalilia yenyewe.

Tuliitwa ofisi ya kijiji kwa sababu mti mkubwa wa chemchemi umekauka. Alishukiwa mzee jirani yetu, muuza dawa za miti shamba, ila hakuna aliyemwona akiubandua gome. "Umeugua tu," akasema, amekunja mikono. Mtendaji akaanza kufunga daftari.

Mjukuu wangu wa darasa la tatu akafungua kitabu chake cha picha za miti ya msituni mbele ya mzee huyo. "Shikamoo babu. Hapa wamechora chakula cha mti kikishuka chini ya gome. Ukibandua kuzunguka shina lote, mti unakufa njaa."

Mzee akakisukuma kitabu kwa kidole kimoja. "Uongo. Ule niliuzungushia panga msimu wa kupanda mahindi, na majani yalikaa mabichi mpaka mavuno."

Mtendaji akafungua tena daftari.

Mimi niliishia darasa la pili, na kitabu kile nilikiita cha kuchezea. Siku hiyo nilikibeba mwenyewe mpaka nyumbani, nikipita njia ndefu ili watu waone.

Mzee amepewa adhabu ya kupanda miche kumi pale chemchemi na kuimwagilia mpaka imzidi urefu. Jana nilimkuta na ndoo. Miche inamfika kwenye kifundo cha mguu, naye huinama kila anapopita mlango wa ofisi, ili aonekane mfupi.