Sauti ya Mama Kwenye Diski Iliyojaa

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini siku ile nilikuwa na makosa hata kabla sijakasirika.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika redio ndogo hapa Kakamega. Programu zetu zote zilikaa kwenye seva moja, kompyuta kubwa ya kuhifadhia kila kitu, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kisanduku chake humo ndani ya mashine. Ukiweka toleo jipya, kontena la zamani hubaki na takataka zake mpaka ulisafishe. Miaka miwili sikusafisha. Kesho, kesho.

Alhamisi moja asubuhi diski ya seva ikajaa pomoni, redio ikatoka hewani, matangazo ya vifo yakakwama. Huku kwetu tangazo lisiposikika, wajomba wa kule kijijini Malinya wakakosa mazishi, lawama yake haiishi. Meneja akanijia juu. Nikatafuta wa kumbebesha, nikampata mama mmoja, mtangazaji wetu wa zamani, aliyekuwa bado anakuja pale ofisini.

Saratani ya koo ilikuwa imemnyang'anya sauti. Aliongea kwa kuandika kwenye kijidaftari. Vipindi vyake vyote, hata nyimbo alizowaimbia watoto, vilikuwa kwenye seva hiyo, na hapakuwa na nakala nyingine. Alikuwa ameniomba nimtunzie hadi Ijumaa, mwanawe atoke kiwandani Butali na diski ya kunakilia.

Nikamwambia mbele ya wafanyakazi wote: "Mama, hata ukinyamaza bado unatujazia nafasi."

Wengine walicheka. Yeye akafunga daftari lake.

Nikazima kontena la vipindi vyake, eti seva ipumue kidogo, kisha nikaiamuru ifute kila kisichotumika. Kontena likishazimwa, vilivyomo huhesabiwa havitumiki. Nilijua hilo vizuri sana, ila hasira ilikuwa bado imenitawala. Redio ikarudi hewani. Nilipokagua nikaona takataka zangu ndizo zilizojaza karibu diski nzima. Vipindi vya mama vilikuwa kisehemu kidogo tu, na vilikuwa vimekwenda nazo.

Ijumaa mama akaja na diski mpya aliyoletewa na mwanawe, bado iko ndani ya boksi. Nikamdanganya. Nikasema mashine ilikufa yenyewe, nimehangaika kuokoa vipindi vyake nikashindwa.

Alifungua daftari lake. Kisha akaandika polepole, akanigeuzia daftari: "Pole, mwanangu. Najua ulijitahidi."

Akaniachia na ile diski. Aliandika kwamba mimi ndiye ninayehitaji nafasi sasa. Niliipokea, nikamwambia asante.