Ingobyi Kwenye Mlima wa Gasorwe

Jeska anauza vitenge Nyamugari, mjini Gitega. Alikulia ukimbizini Tanzania, na tangu arudi, kupanda milima na kuiandika ndiyo starehe yake pekee. Safari hii kikundi chao cha wapanda milima, wazaliwa wa Gitega watupu, kilikuwa kinachapisha kijitabu. Kwa mara ya kwanza maishani jina lake lingetoka kitabuni, na alilitaka hilo kufa na kupona.

Wakaenda Muyinga. Kwenye mlima wa Gasorwe wakakutana na ingobyi, machela ya kusuka, imembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Wabebaji walikuwa hoi. Sasa, Mrundi gani asiyejua? Ukikutana na ingobyi njiani, unatua mzigo wako, unatoa bega. Huulizi ni nani. Wanaume wa kikundi chake na viatu vyao vya bei mbaya wakafanya nini? Wakajibanza kando, wakatoa simu, wakapiga picha!

Jeska akatupa begi, akashika mti wa machela.

"Dada, hii ni kazi ya wanaume," akasema Kastori, mume wa mgonjwa, huku akihema.

"Wako wapi hao wanaume?"

Aliuliza kwa sauti, wote wasikie. Hakuna aliyesogea. Akabeba mpaka zahanati.

Yote aliyaandika, pamoja na ukungu na mandhari, akayatuma yaingie kijitabuni. Ignace, kiongozi wa kikundi, akampigia simu.

"Mama Jeska, article iko muzuri sana. Lakini ile ya mugonjwa, utoe. Batu banapenda kusoma furaha. Tutaweka tu picha yake, chini tuandike: utamaduni."

Utamaduni! Damu ilimchemka. Mtu analia kwa uchungu, wao wamfanye pambo!

"Sitoi hata neno. Na hiyo picha ifuteni, hamna haya!"

"Basi jina yako haitatoka."

"Lisitoke!"

Akakata simu. Aliumia, tusidanganyane, alilia hapo hapo dukani, mteja akimtazama. Kisha akafuta ukungu wote na mandhari yote, akabakiza machela, akamtumia Kastori, ambaye walikuwa wamepeana naye namba pale zahanati.

Kesho yake likaja jibu. "Asante dada. Mama na mtoto wazima. Nimemsomea mke wangu. Anauliza, wale wenye simu walikuwa wageni wa nchi gani?"