Wembe wa Babu na Wembe wa Msiba

Nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, nilikuwa na tabia moja mbaya. Watoto wenzangu walidokoa nyama chunguni. Mimi nilidokoa nyembe za baba. Yeye ndiye aliyekuwa mnyoaji wa pale kwetu, upande wa Machochwe, na alikuwa na nyembe mbili tu.

Wa kwanza ulikuwa wa kukunja. Babu alirudi nao kutoka vita vya Wazungu, akamwachia baba. Chuma chake kilikuwa kigumu na chembamba, pande zote mbili zimebonyea kidogo kama kijiko, hata ukiugonga kwa ukucha karibu na sikio ulilia tiii. Baba hakuupeleka kwenye jiwe. Aliupitisha kwenye mkanda wake wa ngozi mara chache, basi, na ulinyoa ndevu za wazee bila mtu kukunja uso.

Wa pili mhunzi aliufua kutoka kipande cha springi ya lori. Huo ulikuwa bapa tupu, mnene mgongoni, mzito kama kisu cha kuchunia. Chuma chake kilikuwa laini: ulinoleka upesi, lakini ukimaliza vichwa vitatu ulianza kukwaruza. Ukiugonga ulisema du, ukanyamaza. Na kutu haikuisha, hata ukiupaka samli.

Mtu mwenye haraka angeutupa. Lakini huo ndio uliokuwa wembe wa msiba. Nyumbani kwetu, baada ya maziko wafiwa walinyolewa kwa huo, na bibi, mama yake baba, alishikilia kwamba wembe uliopita kwenye kichwa cha mfiwa haupiti kwenye kichwa cha mtoto. "Ukimnyolea mtoto huo, umekionyesha kifo njia ya kwake," alisema. Kwa hiyo wa babu ulikaa ndani, kwenye kopo la majani ya chai, na wa msiba ulichomekwa nje kwenye nyasi za paa.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mama alikuwa amemzaa Mwita, mvulana wa kwanza baada ya wasichana wanne. Alivyopendwa mtoto yule, jamani! Hata mimi, mkubwa wa wote, niliyekuwa na wivu kama paka, nilimpenda. Lori lilitushusha na vitu vyetu kwenye kiwanja chetu kipya, wakubwa wakaenda kukata fito, nikaambiwa nilinde vitu.

Nililinda vipi? Nilifungua kopo. Wembe wa msiba nao ulikuwa kapuni, umefungwa kwenye kitambaa, nikautoa. Nikawa nagonga huu, nagonga ule, nacheka peke yangu. Wa babu ukaniponyoka, ukaangukia jiwe la kusagia. Ungekuwa ule wa mhunzi ungejipinda kidogo, baba angeunyoosha. Chuma kigumu hakijipindi, kinameguka. Kwenye makali likaingia pengo la ukubwa wa punje ya ulezi. Niliukunja, nikaurudisha koponi, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Wiki mbili baadaye ilifika asubuhi ya kumnyoa Mwita nywele zake za kwanza. Baba akaufungua wembe, akauinua juani, akatutazama sisi wasichana.

"Nani ameushika?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Labda ni lori," alisema mama.

"Basi tungoje," bibi akasema. "Mtu ataleta mwingine kutoka Tarime."

Siku zile baba alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa balozi wa nyumba kumi, kila jioni mikutano, na maneno yalimjaa mdomoni. "Mama, chuma ni chuma. Nitauchemsha huu mwingine."

"Uchemshe na msiba wenyewe, tuone kama utaiva," bibi akasema.

Mama hakutania. "Baba Bhoke, nakuomba. Tungoje." Bhoke ni mimi. Neno lilinifika kooni, nikalimeza. Niliogopa fimbo, hakuna lingine.

Baba alichemsha, akanoa, akanyoa. Kwenye kichwa laini kile wembe ulivuta badala ya kukata, na juu ya sikio ukachana kidogo. Tone moja la damu. Mama akalifuta kwa kanga.

Siku ya nane Mwita akashindwa kunyonya. Taya zilikaza, mgongo ukajipinda. Baba alimpakia mama kwenye baiskeli na mtoto mikononi, wakaenda zahanati. Walirudi kwa miguu, baba akiikokota baiskeli, na mama alikuwa amemfunika mtoto uso.

Baada ya maziko ilibidi mama anyolewe. Baba alipousogelea wembe, mama alisema, "Si kwa mkono wako." Bibi ndiye aliyemnyoa. Na tangu siku hiyo mama hakumwita baba tena. Alipika, alifua, alilima naye shamba moja, lakini alipitisha maneno kwetu: "Mwambieni baba yenu chakula tayari." Na baba amekaa hatua mbili tu kutoka pale! Tulipoolewa wote, maneno yalipitia kwa wajukuu.

Nilipokuwa na watoto wangu, muuguzi alinieleza habari za pepopunda na vidonda na vyuma vichafu. Nikaondoka pale na maelezo mawili, ya bibi na ya muuguzi. Sikupata nafuu kwa lolote, kwa sababu yote mawili yalianzia mikononi mwangu.

Baba alipozeeka na kulala kitandani, mimi ndiye niliyekuwa namnyoa ndevu, kwa wembe wa dukani. Siku moja nikamwambia kwamba ni mimi niliyeangusha wembe wa babu. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye wajukuu.

"Najua," alisema. "Ulikuwa unagonga nyembe zangu kila siku. Ulidhani mimi kiziwi?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili mama yako akunyamazie wewe? Ulikuwa mtoto. Aliyenyoa ni mimi."

"Basi nimwambie sasa."

"Mwache. Amezoea."

Nilimtii. Watu wangesema niliheshimu neno la mzazi. Sikuliheshimu, nilijificha nyuma yake, kama nilivyojificha asubuhi ile. Ningeweza kutoka nje palepale. Mama alikuwa uani anachambua maharage, na baba alikuwa bado anasikia vizuri.

Baba alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Wageni walipotawanyika nilikaa na mama, nikamweleza yote, tangu jiwe la kusagia.

"Alijua kuwa ni wewe?"

"Alijua, mama."

"Na wewe ulijua kwamba anajua?"

"Tangu mwezi wa pili."

Alijipapasa kichwa kilichokuwa kimetoka kunyolewa. "Kunyoa alinyoa yeye," alisema, "hilo ni lake. Lakini kumbe alikuwa anakuficha. Ungeniambia mwezi wa pili, Bhoke, ningemwita mwenyewe aje kula. Hata mara moja."

Nilimshika mkono. Aliniacha nimshike, lakini hakunitazama.