Redio ya Ma Klaudia

Kijijini kwetu Kaagya, kabla mtu hajavuka kwenda Uganda, alipita kwanza kwa Ma Klaudia. Mjane huyu hakuwa na cheo. Alikuwa na redio, na masikio ya kuitegea. "Redio imesemaje?" watu waliuliza. Akisema usiende, huendi, hata kama umeshafunga mzigo. Walimtania kuwa ni waziri asiye na gari, naye alicheka.

Mwaka 1978, muda mfupi kabla ya vita, serikali ikaonya wananchi wasivuke mpaka wa Mutukula: askari wa upande wa pili walikamata watu ovyo, na wengine hawakuonekana tena. Ma Klaudia alizunguka migombani nyumba kwa nyumba, akionya. Wachuuzi wetu wakatii, wakaacha kabisa gulio la mpakani. Mama yule aliokoa watu, na sitaki mtu anibishie.

Mchuuzi wa mwisho kurudi ndiye aliyeleta msiba: baba yake Sebuliba amefariki huko Masaka. Sebuliba na Kristofa, mwana pekee wa Ma Klaudia, walikula omukago, ule undugu wa kumeza buni iliyopakwa damu ya mwenzako. Asiyemzika mzazi wa ndugu yake wa omukago, tumbo humvimba akafa, isipokuwa ndugu mwenyewe amfungue kwa neno lake. Ndivyo tulivyolelewa.

"Mama, redio imekataza," Kristofa alisema. Alitaka azuiwe. Nilikuwepo, niliona.

"Redio haikula omukago, mwanangu. Nenda ukazike, urudi." Akamfungia kahawa ya kutafuna njiani.

Hakurudi. Vita vikaja, vikaisha.

Ndipo Sebuliba akafika kwa miguu, amekonda, akimuulizia ndugu yake. Alipoambiwa alikwenda kuzika na hakurudi, aliketi pale mlangoni.

"Hakufika kwetu, Mama. Na mimi nilimfungua! Nilishinda gulioni nikitafuta mtu wa Kaagya nimtume, amwambie asije. Sikumpata hata mmoja."

Ma Klaudia alielewa upesi kuliko sisi. Hakulia mbele ya mgeni. Alimletea kahawa kwa mikono miwili, akamwita mwanangu. Iliniuma kumtazama.

Watu waliendelea kumuuliza redio imesemaje. Kabla hajajibu, naye aliuliza: "Una nani huko?"

Ukimtaja, alikushika mkono. "Hata kwa huyo," alisema, "usiende."