Abee Tatu

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alinilea mtaa wa Mjambere, Mombasa, kwa sheria chache na kofi jepesi. Sheria mojawapo ilikuwa hii: mtoto wa kike akiitwa hasemi "nini?", anaitika "abee". Hata kama hujui umeitiwa nini, abee kwanza, mengine baadaye. Na ukiambiwa jambo usilielewe, unasema abee vilevile kwa kupandisha sauti, yaani sema tena, sijakupata. Haina maana ya ndiyo. Haijawahi kuwa na maana ya ndiyo tangu Mombasa iwe Mombasa. Nayasema haya mapema kwa sababu nilikuja kufanya kazi na watu wasioyajua, na mimi niliyeyajua nikanyamaza.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani katika kiwanda cha sabuni Changamwe, kwenye Ofisi ya Wafanyakazi. Baadaye walitubadilisha jina tukawa Idara ya Rasilimali Watu. Mlango ulikuwa uleule, na bado ulikuwa haufungi vizuri. Bosi wangu alikuwa mtu wa bara, mpole, nadhifu, asiyekosa semina. Kila semina ilimpa cheti, na kila cheti alikitia fremu akakitundika nyuma ya kiti chake. Ukiingia kulalamika ulivitazama vyote: cha kupatanisha, cha maadili, cha kusikiliza. Bwana yule alikuwa amehitimu kusikiliza mara mbili. Lori likipita nje vyeti vilitikisika, naye alisimama kuvinyoosha huku wewe unaeleza shida yako.

Nami nilivitaka, nisijifanye mtakatifu hapa. Mezani kwake kulikuwa na barua ya kunipendekeza kwenda kozi ya miezi sita, ya usimamizi na maadili ya kazi, na kwa wiki tatu ilikuwa ikingoja saini yake. Kila nilipompelekea faili niliiangalia kwa jicho la pembeni.

Hapo ndipo lilipozuka jambo la kadi. Kila asubuhi mfanyakazi alipiga kadi yake kwenye mashine ya saa pale getini, na kumpigia mwenzako ambaye hajafika kulikuwa kosa la kufukuzwa. Askari wa geti akaripoti kwamba amemwona mwanamke wa buibui akipiga kadi mbili. Mwanamke wa buibui, saa kumi na mbili asubuhi, Changamwe! Saa hiyo walikuwa wakiingia kundi zima, na kiza hakijatoka vizuri. Alipobanwa ataje jina, akamtaja mama mmoja wa idara ya kufunga sabuni. Mama huyo alikuwa mjane wa Likoni, akivuka feri alfajiri tangu kiwanda kifunguliwe, na wajukuu watatu akiwasomesha peke yake kwa kazi hiyo. Nadhani askari alimtaja yeye kwa sababu kati ya wanawake wote wale, ni jina la mama huyu tu alilokuwa akilijua. Ndiye aliyekuwa akisimama kumsalimu kila siku.

Akaitwa kwenye kikao. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuwa na udhuru siku hiyo, ingawa saini yake ilikuwapo kwenye fomu tangu jana yake. Mimi nilikaa pembeni na daftari la kumbukumbu. Mama akavua ndara mlangoni, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha akasimama mbele ya meza, mikono ameifumbata.

Bosi alikuwa amefundishwa mahali fulani kwamba shtaka husomwa baada ya kutaja jina kamili. Basi akamtaja, jina lake, la baba yake na la babu yake, na bila kupumua akasoma kwa kile Kiswahili cha fomu kwamba alipiga kadi isiyo yake. Mama akaitika, "Abee." Akamtaja tena, akasoma kwamba alikusudia kuihadaa kampuni. "Abee." Akamtaja mara ya tatu, akasoma kwamba amevunja uaminifu aliopewa. "Abee," akasema mama, safari hii kwa kupandisha sauti kidogo, maana masikini ya Mungu alikuwa ameanza kushangaa anaitwa mara ngapi bila kuambiwa neno analolielewa.

"Asante kwa kusema ukweli, mama," bosi akasema. Akanigeukia. "Andika amekiri yote matatu."

Bwana, hajakiri, ameitika. Hayo ndiyo maneno niliyotakiwa kusema, na wallahi yalikuwa yamefika kooni. Lakini bosi alikuwa akipanga karatasi zake, na barua yangu ikatokea juu. Nikaandika amekiri, kwa mwandiko mzuri sana.

Mama alibaki amesimama. Alidhani kikao ndiyo kwanza kinaanza. Nilipomwambia anaweza kwenda, aliniuliza kwa sauti ya chini kama bwana amekwisha kumwambia alichomwitia.

Barua ya kumfukuza niliipiga taipu mwenyewe. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo akaniletea mimi, kati ya watu wote wa kiwanda kile, nimsomee. Nikasoma hadi penye "kwa kuwa umekiri".

"Nimekiri lini, mwanangu? Mbona hawakuniuliza?"

Nikamwambia ndivyo taratibu za ofisi zilivyo. Niliona aibu, nikatamani anitukane. Hakunitukana. Aliikunja barua, akaitia ndani ya buibui, akanishukuru kwa kumsomea. Wiki iliyofuata barua yangu ikatiwa saini.

Kozi nilikwenda, na somo la maadili nilipita vizuri kuliko wote. Niliporudi nilikwenda Likoni kumtafuta, nikaambiwa amehamia kwa nduguye shamba, na wajukuu wawili wakubwa wameacha shule. Sikuuliza shamba gani. Nilijiambia feri itanichelewesha.

Kufikia katikati ya miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha semina za maadili, nina fremu zangu mwenyewe ukutani. Kisa cha mama wa abee nilikisimulia kila mara, maana kilipendwa. Washiriki walimcheka bosi, walimsikitikia mama, na mimi nilisema tu kwamba kulikuwa na karani mmoja aliyekuwa akiandika. Siku moja afisa mmoja mgeni, mwanamke wa makamo kutoka bara, akauliza yule karani alifanywa nini. Nikajibu kwamba alipelekwa kozi. Ukumbi mzima ukacheka.

Yeye hakucheka. "Mwalimu," akaniita. "Yule karani ni wewe?"

Mdomo ulijibu wenyewe, kwa malezi ya Mjambere.

"Abee?"

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaandika kwenye daftari lake. Asubuhi yote nilikuwa nimewafundisha kwamba abee si ndiyo, na sikumsahihisha.